Nimelipia anwani ya umma miezi mitatu, kumbe nimeuziwa chumba cha uani!

Wakuu, leo hata chai haijapita kooni kwa hasira.

Nipo Tanga mjini, duka langu la spea za pikipiki liko Ngamiani. Nilifunga kamera nne na mashine ya kurekodia, nikitaka niwe naliangalia duka hata nikiwa kwetu Muheza. Fundi akasema, "Bosi, kwa mashine hii omba anwani ya IP ya umma," yaani namba ya kifaa kwenye intaneti ambayo mtu wa popote duniani anaweza kuifikia. Nikaomba. Kampuni inayoniuzia intaneti ikadai niongeze 20,000 kila mwezi. Nikalipa.

Dukani picha safi. Nikivuka tu nje ya waifai ya duka, giza. Fundi nikamtukana, na nusu ya hela yake nikaizuia. Huduma kwa wateja ya kampuni ni wimbo mmoja: zima ruta, washa ruta.

Juzi mpwa wangu anayesomea mambo ya mitandao kafungua ukurasa wa ruta. Upande wa nje pameandikwa 100.72 na namba nyingine mbili. Akafungua tovuti inayokuonyesha anwani unayoonekana nayo duniani, ikaja namba tofauti kabisa. Akacheka. "Mjomba, umepigwa."

Kwa wasiojua: chukulia nyumba zetu za kupanga. Kila nyumba ina chumba namba 3, na humo ndani kila mtu anakijua. Ila mwambie bodaboda wa stendi akupeleke "chumba namba 3, Tanga" uone atakavyokutazama. Ndizo anwani za ndani hizo: zinazoanza na 10, zinazoanza na 192.168, na zile za 172.16 mpaka 172.31. Mashine yangu ni 192.168.1.108, na huenda ya jirani yangu muuza vitenge ni hiyohiyo, wala hazigombani. Anwani ya umma haina pacha dunia nzima.

Sasa nikaipigia kampuni. Dada akanijibu kwa kujiamini: "Kaka, yako haianzi na 10 wala 192.168, kwa hiyo ni ya umma." Hapo ndipo waliponichefua! Fungu la 100.64 mpaka 100.127 lilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa kampuni za intaneti, ziwapange wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Ni kama nyumba nyingi zenye mlango mmoja wa barabarani. Ukitoka wewe, mlinzi anakukumbuka na majibu yako anakuletea. Mgeni akibisha kutoka nje, mlinzi hajui anamtaka nani, anamfukuza. Kamera zangu ndizo zinazobishiwa.

Najua anwani za toleo la 4 (IPv4, aina ya hizi ninazozitaja) ni kama bilioni 4.3 tu, na ghala kuu la anwani duniani lilitoa mafungu ya mwisho Februari 2011. Kunipanga na wenzangu si dhambi. Lakini 60,000 yangu ni ya nini?

Wana Tanga, fungueni ruta zenu mlinganishe na mnachoonyeshwa nje. Mkiandika hapa, wekeni namba mbili za mwanzo tu, msianike anwani nzima.

Fundi nimeshamlipa na kumwomba radhi. Kesho saa mbili asubuhi nipo mlangoni kwao na risiti zangu tatu.