Ushauri: Vigae vya sakafu vya majivu ya pumba vinapasuka, nifanye nini?

Mfinyanzi wa Nzega: Wanajamvi, salaam. Natengeneza vigae vya sakafu kwa kuchanganya udongo wa mfinyanzi na majivu ya pumba za mpunga, ambayo nayapata bure kwenye mashine za kukoboa huko Igunga. Vigae vinatoka tanurini na nyufa, na ukivunja kimoja unakuta mstari mweusi katikati. Nina oda ya sakafu ya madrasa na muda unaniishia. Naomba ushauri.

Mzee wa Igunga: Mwanangu, pumba ni kuni. Sisi tulianza kuzichomea matofali pale kuni za miombo zilipokuwa za kufuatwa mbali. Tanuru la kwanza liliiva upande mmoja tu, lakini baadaye tuliuzoea moto wake, na mpaka leo hatukati mti. Achana na vigae, choma matofali.

Binti Unyanyembe: Kaka, mstari huo mweusi ni kaboni ambayo haikupata hewa ya kutosha ikaungua. Majivu ya pumba kwa sehemu kubwa ni silika, madini yale yale ya mchanga, lakini yakiwa meusi ujue makaa bado yamo. Yachome tena mpaka yapauke, uyachekeche, kisha upandishe moto polepole ili hewa ipenye kabla uso wa kigae haujaziba. Hata hivyo, silika peke yake haiyeyuki kirahisi, ndiyo maana viwanda vya vigae huongeza feldispa, madini yanayosaidia mchanganyiko kuyeyuka. Wewe unaongeza nini?

Mfinyanzi wa Nzega: Kuna kitu cha tatu ambacho sikuona haja ya kukitaja. Ni marudio ya dhahabu kutoka kwa wachimbaji wadogo, yaani mchanga laini wa mawe yaliyokwisha kusagwa na kutolewa dhahabu.

Binti Unyanyembe: Dhahabu hiyo ilikamatwa kwa zebaki?

Mfinyanzi wa Nzega: Ndiyo, lakini lundo limenyeshewa misimu kadhaa, na zebaki yenyewe wachimbaji huichoma ikaisha. Mwenye lundo nimeshampa kianzio. Isitoshe, si ni taka hizo hizo tunazohimizwa kuzitumia tena?

Binti Unyanyembe: Inayochomwa ni ile iliyoshikana na dhahabu, nyingine hubaki kwenye mchanga, na mvua haiimalizi. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357, na tanuru lako linapita hapo mapema sana, kwa hiyo iliyobaki yote itatoka na moshi na kuvutwa na anayechochea kuni. Sumu nyingine, yaani aseniki na madini ya risasi, kama zimo, zinaweza kubaki ndani ya kigae, na kigae kisichoiva vizuri hakizifungi. Nani anachochea?

Mfinyanzi wa Nzega: Mdogo wangu.

Ustadh wa Isevya: Ndugu yangu, watoto wa madrasa hukaa chini saa nzima na viganja vyao viko sakafuni. Hiyo ni amana mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya wazazi wao. Kianzio ni fedha, na fedha hutafutwa tena.

Mpita Njia: Mimi nina shaka na habari yote hii. Vigae vya sakafu huhitaji nyuzi zinazozidi 1,100, na tanuru la kuni la kijijini ni nadra kufika huko. Nahisi mleta mada ana lundo la marudio na anatafuta wanunuzi.

Mfinyanzi wa Nzega: Siuzi kitu. Tanuru ni la kuni, lina bomba la moshi, na kipimajoto sina. Naangalia rangi ya moto. Jana nilidondoshea tone la maji kwenye kigae kilichopasuka, likanyonywa papo hapo na kuacha doa jeusi.

Binti Unyanyembe: Mpita Njia, tone hilo linaniridhisha kwamba vigae vipo na kwamba havijaiva, kigae cha sakafu hakipaswi kunywa maji hivyo. Kaka, weka marudio kando na ujaribu chupa zilizosagwa na kuchekechwa, kwa sababu kioo huanza kulainika kwenye nyuzi 700 hivi na huusaidia udongo kujifunga kwa moto mdogo.

Mfinyanzi wa Nzega: Chupa nitajaribu. Lakini lundo siwezi kulitupa bila ushahidi. Nitalipima wapi?

Binti Unyanyembe: Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, Dodoma, ina maabara. Chota juu, katikati na chini ya lundo, usitume sehemu moja, na uombe wapime zebaki, aseniki na risasi. Mpaka majibu yatoke, mdogo wako asichome kigae chochote chenye marudio.