Kireno: kijalizo kimoja kinatosha vitenzi viwili wakati gani?

bandari_kuu: Wakuu, kwa nini «Gosto e preciso de café» (napenda na nahitaji kahawa) inakubalika lakini «Assisti e gostei do filme» (nilitazama na kuipenda filamu) walimu wanaikata, ilhali zote zina kijalizo kimoja, yaani maneno yanayokamilisha kitenzi? Na nomino nazo zinafuata kanuni hiyohiyo?

fundi_sarufi: Tazama kihusishi (neno kama *de*, *a* au *em*) ambacho kila kitenzi kinadai. *Gostar* na *precisar* vyote vinataka *de*, kwa hiyo «de café» moja inatosha. *Assistir*, kwa maana ya kutazama, inataka *a*; «do filme» (*do* ni *de* + *o*) inaifaa *gostei* tu. Ukiwa na shaka, soma kila kitenzi peke yake na kijalizo hicho: «Assisti do filme» haisimami.

Dawa yake: kijalizo kikae kwa kitenzi cha kwanza na kihusishi chake, cha pili kipewe kiwakilishi: «Assisti ao filme e gostei dele» (*ao* ni *a* + *o*, *dele* ni *de* + *ele*). Hata «Assisti ao filme e gostei» ni safi, tena ndiyo inayosikika ya asili zaidi. Ila si kila kitenzi kinakubali kuachwa hivyo: «Vi o livro e preciso» (nilikiona kitabu na nahitaji) inaning'inia, sema «preciso dele».

«Entrei e saí de casa» (niliingia na kutoka nyumbani) utaisikia sana mitaani, ingawa ni *entrar em* na *sair de*. Wapo wanasarufi wanaoivumilia kwa ufupi wake. Kwenye mtihani usithubutu.

kusi: Nomino ni vilevile. «A chegada e a partida do comboio» (kufika na kuondoka kwa treni) ni sawa, zote *de*. (Brazil wangesema *trem*.) Lakini «a necessidade e o acesso à água» (uhitaji na upatikanaji wa maji) ina kasoro: *necessidade de*, *acesso a*. Andika «a necessidade de água e o acesso a ela». Nyaraka za miradi zimejaa kosa hili, kwa sababu nomino zikipangwa mfululizo sikio halishtuki.

bandari_kuu: Na viwakilishi vifupi, *o* (yeye), *os* (wao), *lhe* (kwake)?

fundi_sarufi: Hapo angalia pia mahali kilipo. Kikiwa mbele ya kitenzi, kimoja kinatosha: «Não os viu nem cumprimentou» (hakuwaona wala kuwasalimu). Kikiwa nyuma, rudia: «Viu-os e cumprimentou-os». Na kazi zikitofautiana, kimoja kikiwa cha kitenzi kisicho na kihusishi na kingine cha kitenzi chenye *a*, huna budi kutumia viwili hata vikiwa mbele: «Não o viu nem lhe telefonou» (hakumwona wala kumpigia simu), maana *ver* haina kihusishi na *telefonar* inataka *a*. *Me* (mimi) ndiyo inayodanganya, kwa kuwa umbo ni lilelile kwa kazi zote mbili. Andika «Não me viu nem me telefonou».