Naomba ushauri: mbwa wa kuliwaza na wanafunzi walio mbali

Ndugu zangu, tangu vyuo vifungwe mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, mimi na mbwa wangu, aliyefunzwa kuwaliwaza watu, tunakutana na wanafunzi kwa njia ya video kila wiki. Juzi binti mmoja, ambaye kwa kawaida huzima kamera, aliiwasha mbwa alipolaza kidevu chake karibu na skrini, kisha akaanza kulia kimyakimya. Najua kwamba kumpapasa mbwa ndiko hasa hutuliza, na hilo sisi hatuwezi kuwapa. Hata hivyo, upweke wao unaniumiza sana. Je, nimsemeshe mbele ya wenzake, au nimwache atulie na mbwa, halafu nimwelekeze faraghani kwa mshauri nasaha wa chuo bila kumwaibisha?