Tupeane uzoefu: Uliwahi kumuua mnyama wako kwa kumlisha vizuri?

Baba Wawili, Lanet
Wadau, jana kijana wangu wa darasa la nne ametoka kwa rafiki yake na sungura ndani ya begi la shule, vitabu amevikumbatia mkononi. Mweupe, macho mekundu. Nilitaka kumgombeza nikashindwa, maana nilimwona Simba.

Simba alikuwa sungura wangu tukikaa Bondeni, na aliyemuua ni mimi, si mbwa wala mwizi. Mama alikuwa akiuza mboga. Jumamosi moja akabaki na kabeji, nikaikata katikati, nusu nzima nikampa Simba, juu yake mkate na ugali uliolala. Krismasi yake. Jumapili tumbo limekaza kama ngoma, anasaga meno, ameketi pembeni kama mzee aliyefiwa. Jumatatu nikaenda shule. Niliporudi kibanda ni kitupu na jembe lina udongo mbichi. Hakuna aliyenieleza kitu, nami sikuuliza. Leo nina miaka 38 na kabeji siwezi kuiweka mdomoni.

Sasa kabla kijana hajarudia kosa langu: wewe uliyemlisha wako kwa mapenzi akafa, ulimpa nini?

Mama Kuku wa Kiamunyi
Kabeji. Hata mimi.

Kishona Nguo
Msiisingizie kabeji. Sungura hawezi kutapika, kilichoingia hakirudi juu. Wanga ndio uliomuua, ule ugali na mkate. Sungura ni nyasi kavu na maji, mengine yote ni kiburudisho.

Ingo Original
Wangu hapa Kakamega wanakula kabeji tangu 2014 na hakuna aliyevimba.

Kishona Nguo
Ndugu, wewe unafuga wa kuchinja. Miezi mitano wako sokoni. Hawajapata hata nafasi ya kuugua.

Ingo Original
Na dawa ya aliyevimba naijua pia: kisu, mapema.

Mama Kuku wa Kiamunyi
Huyu atolewe kwenye uzi.

Nyar Kisumo
Mimi wangu hakuwa wangu, na hakufa, lakini nusura twende pamoja.

2019 nilikuwa Dubai, kazi ya nyumbani. Niliambiwa nitatunza watoto wawili na Spike. Nikajua Spike ni mbwa. Kumbe mjusi! Urefu wake kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, miiba mbavuni, na akikasirika kidevu kinavimba na kuwa cheusi kama ndevu. Aina yake wanaiita bearded dragon, asili yao ni nyika kavu za Australia. Mimi nimetoka Nyalenda, na kwetu mtu na mjusi wanajuana kwa fagio tu. Mwezi wa kwanza nilimtupia chakula nimefumba macho.

Nikamzoea. Kazi yake ilikuwa nyingi kuliko ya watoto. Anakaa kwenye sanduku la kioo, upande mmoja joto kama digrii 40, upande wa pili umepoa, akichoka kuota anahama. Taa mbili: moja ya joto, ya pili ndefu, ya mionzi kama ya jua, wanaiita UVB. Asubuhi anapewa majani, na siku kadhaa kwa wiki nyenje hai, ambao unawapaka unga wa kalsiamu kama samaki anavyopakwa unga kabla ya kukaangwa. Nyenje asizidi ile nafasi kati ya macho yake mawili, akizidi anaweza kumkwama tumboni. Mjusi mdogo hula wadudu zaidi, akikomaa majani ndiyo chakula.

Juni shule zikafungwa, familia ikasafiri hadi mwisho wa Agosti. Nikabaki naye. Taa ile ndefu ikazima. Nikaenda dukani nikanunua nyingine, ndefu vilevile, nyeupe vilevile. Ikawaka. Nani angejua? Unga wa kalsiamu ukaisha, nikasema basi nitamtengeneza kwa mboga, nikawa nampa spinachi mbichi kila siku, ile tuliyofunzwa shuleni kwamba inaongeza damu. Tena nilikuwa najisifu kwamba akirudi Madam atamkuta amenona.

Katikati ya Agosti vidole vya nyuma vikaanza kutetemeka, kama simu iliyozimwa mlio. Halafu akashindwa kuinua tumbo, anajiburuta. Nikamshika nimpe maji, taya linabonyea kama mpira. Nilikaa chini jikoni nikalia kwa sauti. Yawa, mimi, nalilia mjusi! Nikampigia dadangu wa Kondele. Akaniambia funga begi utoroke kabla hawajarudi.

Nikampigia Madam badala yake. Akanyamaza muda mrefu, kisha akamtuma dereva atupeleke kwa daktari. Swali la kwanza la daktari lilikuwa taa. Nikamwambia inawaka vizuri. Akasema hiyo ni ya kusomea tu, haina mionzi, na hata ile halisi mionzi yake huisha kabla ya mwanga, ndiyo maana hubadilishwa kila miezi sita hadi mwaka ingawa bado inawaka. Bila mionzi mwili hautengenezi vitamini D3, bila D3 kalsiamu haishiki, na spinachi ina asidi inayoikamata hata ile kidogo iliyobaki. Mwili ukaanza kukopa kwenye mifupa yake wenyewe. Alisema wiki chache zaidi angevunjika mguu kwa kutembea tu.

Dirhamu 700. Mshahara wangu ulikuwa 1,200.

Halafu akanipa karatasi ya majani anayofaa kula, yenye picha. Nikaangalia ya kwanza. Sukuma wiki! Nilicheka mbele ya daktari hadi akadhani nimechanganyikiwa. Nimevuka bahari kuambiwa sukuma wiki.

Alipona, ila mguu mmoja ulibaki umepinda hadi naondoka 2021.

Boda wa Milimani
Omera! Mjusi anakula sukuma??

Jirani Mpole
Hii nimemsomea mke wangu kwa sauti, amenyamazisha redio.

Mlipa Kodi
Watu wanalala njaa Nyalenda hiyohiyo, nyinyi mnajadili mjusi wa dirhamu 700.

Nyar Kisumo
Nyalenda naijua kukushinda, ndugu. Hizo dirhamu ndizo zilizolisha watu huko.

Mlipa Kodi
Sikuwa na nia mbaya, dadangu.

Boda wa Milimani
Dada, kwa hivyo kumbikumbi angekula? Maana mvua ikinyesha huku, taa ya veranda pekee ingemshibisha mwaka.

Nyar Kisumo
Angewamaliza, lakini ni mafuta matupu, kama wewe kuishi kwa mandazi. Na wadudu wa kuokota huwezi kujua wametoka shamba lililopigwa dawa gani. Usijaribu kimulimuli kabisa, mmoja tu anaweza kumuua.

Fundi Stima Bahati
Nyenje wanafugwa hapahapa. Chuo Kikuu cha Jaramogi kule Bondo wanautafiti ufugaji wa wadudu wa kuliwa, na binadamu yumo kati ya walaji wanaolengwa. Kwa hivyo huyo mjusi mtagombania sahani moja.

Mama Tatu
Nauliza kwa dhati: binti yangu anataka mmoja kama huyo. Kisumu wanapatikana wapi?

Askari Mstaafu
Mama, usiulize hilo hadharani. Wanyama wa aina hiyo wanataka kibali cha KWS, lile shirika la wanyamapori, wa kutoka nje na wa hapa pia. Usidhani ni mchezo. 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walishikwa Naivasha na sisimizi kama 5,000 ndani ya vichupa, wakatozwa faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Sisimizi! Je, mjusi mzima?

Boda wa Milimani
Na huyo mjusi kafiri aliye nyuma ya kalenda yangu, kibali nichukulie wapi?

Mganga wa Nyumbani, Bungoma
Turudi kwa sungura. Wangu alikuwa na mafua, pua inatoa kamasi nyeupe. Nikamhurumia, nikafungua kapsuli ya amoksilini iliyobaki ya mtoto, nikamchanganyia kwenye maji. Siku ya pili anaharisha, ya tatu amelala ubavu. Mtu wa agroveti aliponisikia alishika kichwa. Tumbo la sungura linaendeshwa na vijidudu vyake vyema, na ile dawa kwa mdomo inavifagia vyote. Nilikuwa na sungura mwenye mafua, nikamgeuza maiti kwa dawa ya shilingi kumi.

Kishona Nguo
Wengi wamekufa hivyo, mzee. Pole.

Mama Kuku wa Kiamunyi
Na majani ya avokado! Huku kila boma lina mti, watoto wanakata tu. Ni sumu kwa sungura. Kwa kasuku pia, na hata huyo Spike asingestahimili.

Ingo Original
Wangu wamekula.

Mama Kuku wa Kiamunyi
Tulijua utasema hivyo.

Fundi Stima Bahati
Upele wa masikioni mnatibu vipi? Mimi natia mafuta ya kupikia.

Jirani Mpole
Babu yangu alitumia oili chafu ya gari. Masikio yalipona, sungura hakupona.

Kishona Nguo
Mafuta ya kupikia ni sawa kulainisha maganda, usiyabandue kwa kucha. Ukiona yamejaa ndani, ni sindano ya daktari. Na Baba Wawili, sikiliza: akipitisha nusu siku bila kula na bila kinyesi, usingoje kesho. Nyasi za asubuhi zianikwe umande utoke kwanza. Ukimwona anakula kinyesi chake laini, mwache, ndivyo alivyoumbwa.

Mganga wa Nyumbani, Bungoma
Nyasi mbichi mpe tu, sungura wa porini nani humwanikia?

Boda wa Milimani
Dada Nyar Kisumo, hukutuambia. Madam alikukata zile 700?

Nyar Kisumo
Alikata, kwa miezi miwili. Wacha tu.

Baba Wawili, Lanet
Asanteni wote. Kijana amemwita sungura wake Spike, mjue mmeharibu. Nimemkatia nyasi, ziko juani.

Baada ya kusoma haya nikampigia mama. Nikamwambia, mama, nimekaa na jambo hili tangu utotoni, asante kwa kumzika Simba mimi nikiwa shule. Akauliza, Simba gani? Nikamkumbusha. Akacheka hadi akakohoa. Anasema lile jembe alikuwa amelimia viazi. Halafu akaniuliza kama nakumbuka jioni ile ya Jumatatu tulikula nyama na nini.

Ilikuwa ile nusu ya kabeji iliyobaki.

Ingo Original
Kisu, mapema. Nilisema.