Mwenye nyumba au mwenye mkahawa anaweza kumkataa nani kisheria? (Mombasa)

MsimamiziMajengo aliuliza:

Assalam alaikum. Nasimamia nyumba ya ghorofa huku Majengo. Juu ni nyumba nane za kupangisha, chini mkahawa wa mwenye nyumba huyo huyo. Amenipa masharti: makapera wasipewe, watu wa bara wasipewe, mjamzito aambiwe zimejaa, na kila anayeomba alete hati ya mshahara na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita. Mkahawani anataka kibao cha "Tuna haki ya kumkataa mteja yeyote". Lipi hapa linasimama kisheria na lipi litanifikisha mahakamani mimi msimamizi? Na nikimkataa mtu kihalali, niweke kumbukumbu gani?

WakiliPwani alijibu:

Waalaikum salaam. Anzia Katiba ya 2010. Wengi hudhani haki za msingi ni mambo ya raia na serikali peke yake. Kifungu cha 20 kinasema haki hizo zinamfunga kila mtu, na 27(5) kinamkataza mtu binafsi kumbagua mwenzake, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Misingi iliyotajwa ni pamoja na rangi, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hali ya afya, asili ya kikabila au kijamii, umri, ulemavu, dini, imani, utamaduni, mavazi, lugha na kuzaliwa. Orodha yenyewe haikufungwa, kwa hiyo usijipe moyo kwamba sababu yako haimo.

Masharti matatu ya kwanza yote yanaanguka. Ukapera ni hali ya ndoa. Ujauzito umetajwa kwa jina. "Watu wa bara" ni asili ya kikabila, na hapo unaikanyaga pia Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo maana yake ya kabila inachukua rangi, dini na taifa la asili. Kwa hiyo hata Mkongomani au Msomali aliye na hati halali yumo ndani.

Lile la "zimejaa" ndilo la hatari kuliko yote. Mjamzito aliyeambiwa hivyo asubuhi akimtuma nduguye alasiri, naye akaonyeshwa nyumba, ushahidi umeshakamilika na umeuandaa mwenyewe.

Kuhusu kuzunguka: ukiandika "mdhamini awe mzaliwa wa Mombasa", hukutaja kabila, lakini unajua nani atabaki nje. Mahakama huangalia matokeo. Na usijifiche nyuma ya bosi wako. Anayemfukuza mwombaji mlangoni ni wewe, na jina lako litaandikwa kwenye kesi pamoja na lake. Kutumwa si kinga.

DalaliTudor alijibu:

Naongezea upande wa kazi yenyewe. Kipato hakimo kwenye misingi aliyotaja wakili, kwa hiyo kupima uwezo wa kulipa ni halali kabisa. Halali pia ni kumkataa mwenye malimbikizo ya kodi kwingine, aliyeleta hati za kughushi, anayetaka kugeuza nyumba karakana, au mwenye mbwa kama nyumba hairuhusu wanyama. Sharti ni moja: kipimo kile kile kwa wote, na kiandikwe kabla hujatangaza nyumba.

Wengi hutumia theluthi. Kodi ikiwa shilingi 12,000, kipato kiwe 36,000 kwa mwezi. Usidai hati ya mshahara peke yake, maana mama anayeuza viazi karai na mwenye bodaboda hawana, na pengine ndio walipaji wazuri. Kubali hati ya mshahara, taarifa ya benki au ya M-Pesa, chochote kimoja. Miezi mitatu inatosha kuona mwenendo wa pesa. Ya nini kusoma maisha ya mtu nusu mwaka?

Watoto: usiseme "watoto wengi hatutaki". Weka idadi ya watu kwa chumba cha kulala, kwa sababu ya tangi la maji na vyoo, na ihesabu wakubwa na wadogo sawa.

Daftari lako liwe na tarehe na saa ya kila mwombaji, nyumba aliyoitaka, hati alizoonyesha, uamuzi, na sababu kwa mstari mmoja: "kipato 22,000, kinachotakiwa 36,000". Siyo "sikumpenda". Waombaji wawili wakifaulu, mpe aliyekamilisha hati kwanza. Utaratibu huo pekee unamaliza nusu ya ugomvi.

Na fomu yako iwe fupi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu hali ya ndoa, afya, asili ya kikabila na majina ya mke, mume au watoto kuwa data nyeti. Usiulize usichokihitaji. Kitambulisho cha uliyemkataa kitazame na umrudishie. Nakala yake usibaki nayo kwenye simu. Mtu akilalamika kwa Kamishna wa Data, shauri linatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90, na fidia inaweza kutolewa.

LeseniNaBiashara alijibu:

Nichukue mkahawa. Kibao hicho hakikupi haki ambayo sheria haikukupa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilishalisema wazi: huwezi kujiwekea haki ya kuchagua wa kuingia dhidi ya mtu kwa ulemavu wake tu. Sheria mpya ya 2025 imekuja mahali pake na kinga hiyo bado ipo. Mwenye kiti cha magurudumu hafukuzwi kwa kuwa "atabana njia", sogeza meza.

Unachoruhusiwa kukataa ni tabia: mlevi anayesumbua, anayetukana wahudumu, mwenye silaha, aliyekula jana bila kulipa, aliyekuja na chakula chake, au aliyefika umeshafunga. Kuna mahali kukataa ni lazima: palipo na leseni ya pombe, Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya 2010 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ukiwa na shaka, dai kitambulisho.

Mavazi yanataka uangalifu, hasa huku kwetu. Kumkataa mteja kwa buibui, kanzu au msalaba shingoni ni ubaguzi. Kumtaka aliye kifua wazi avae shati, kila mtu na kila siku, ni jambo jingine.

Mnakumbuka 2015 mkahawa mmoja wa Kichina Nairobi ulipobainika kuwazuia Waafrika jioni. Uliofuata ni msako wa leseni, mkahawa ukafungwa. Kesi ya haki huchukua muda, kaunti haichukui.

Andika kibao kinachotaja mwenendo: "Matusi, ulevi na fujo haviruhusiwi." Mtu akifanya fujo, mwambie sababu kwa sauti ya chini mbele ya mhudumu mwingine, mrudishie pesa ya alichokuwa hajaletewa, akigoma piga simu polisi. Usimguse.

MsimamiziMajengo:

Ahsanteni sana. Mawili yamebaki. Nikisikia mwombaji ana VVU? Na nyuma kuna vyumba vinne vya choo na bafu la pamoja, sasa wote ni wanawake. Naweza kutangaza "wanawake tu"?

WakiliPwani alijibu:

La kwanza halina mjadala. Sheria ya Ukimwi ya 2006 inakataza kumnyima mtu makazi kwa hali yake ya VVU, ya kweli au ya kudhaniwa tu, na ipo mahakama maalumu ya kesi hizo. Kumtaka mpangaji apime ni kosa lingine juu ya hilo. Ulichosikia usikirudie kwa mtu.

La pili lina utata. Katiba haimsamehi mwenye nyumba kwa jina, lakini mahakama zetu hutenganisha kubagua na kutofautisha kwa sababu ya maana. Bafu moja kwa wageni wasiojuana linagusa faragha, ambayo nayo ni haki chini ya kifungu cha 31. Mimi ningetangaza "vyumba vya wanawake, bafu la pamoja", sababu ikiwa kwenye tangazo lenyewe. Zile nyumba nane za juu zenye vyoo vya ndani usiziingize humo. Sababu hiyo huko haipo.

Mlalamikaji anaweza kwenda Tume ya Uwiano kwa mambo ya kabila, Tume ya Jinsia na Usawa, au Mahakama Kuu moja kwa moja. Kanuni za 2013 za kesi za haki za msingi zinaruhusu mahakama kupokea hata barua ya kawaida, kwa hiyo usitegemee kwamba hana pesa ya wakili. Kama ulipokea pesa ya kushikilia nyumba kisha ukamkataa, irudishe siku hiyo hiyo kwa M-Pesa ili ibaki na alama. Usipoirudisha anaweza kukudai kwenye Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000.

Haya yote ni ya anayeomba. Aliyekwisha kuingia hakataliwi, huondolewa kwa notisi. Mwenye nyumba akipangisha ule mkahawa kwa mtu bila mkataba wa maandishi, sheria ya maduka na hoteli, Sura ya 301, inamtaka atoe notisi ya miezi miwili kwa fomu maalumu, yenye sababu zinazokubalika.