Somo la sayansi ya tiba sekondari lina faida kweli?

Swali: Wadau naombeni ushauri, mdogo wangu anataka kuchukua sayansi ya tiba sekondari, ndoto yake kufanya kazi hospitali ila hajajua kama udaktari au nini, litamsaidia au anajibebesha mzigo bure?

Jibu: Achukue bana! Faida kubwa ni vitendo, atatoa DNA (vinasaba) kwenye tunda kwa sabuni, chumvi na spiriti baridi, atapima presha, ataangalia seli kwa hadubini, na hapo ndo atajua mapema kama hizi kazi anaziweza. Halafu hospitali sio daktari na nesi tu, kuna watu wa maabara, wa eksirei, fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi), mafundi wa vifaa tiba.

Jibu: Sawa ila asiache kemia na hesabu!! Vyuo vingi vya udaktari vinaangalia sana kemia na baiolojia, hilo somo ni nyongeza tu. Hata dozi ni hesabu, miligramu kwa kilo ya uzito, ukikosea nukta moja ya desimali unaweza kumpa mtoto dozi mara 10 ya inayotakiwa.

Muuliza swali: Asanteni, kemia haachi. Na akiogopa damu je?

Jibu: Kuna takwimu za afya, huko hashiki sindano kabisa.