Katriji gani kwa santuri za benga zilizochakaa?

Swali (Kondele, Kisumu):
Wakuu, nina katriji mbili za zamani za kampuni ya Shure, yaani vile vichwa vinavyobeba sindano ya kuchezea santuri: M44-7 na V15 Type III. Santuri zangu nyingi ni benga, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zimepigwa baani hadi zikapauka. V15 inatoa gitaa la solo uzi kwa uzi, ila ikikuta mkwaruzo inaruka. M44-7 haibanduki, lakini sauti za juu zinafifia. Nibaki na ipi?

Jibu (Nakuru):
Zote, ndugu yangu! V15 hutaka sindano ikandamize santuri kwa uzito wa gramu 0.75 hadi 1.25, M44-7 hubeba 1.5 hadi 3. Usiiongezee V15 uzito ili isiruke, utaumiza mpira unaoshikilia sindano. Iwekee santuri safi. Hizo za baa ziogeshe kwanza, vumbi la Kondele tunalijua.

Jibu (Kakamega):
Na sindano zikiisha? Shure waliacha kutengeneza katriji 2018. JICO wa Japani hutengeneza za kubadilisha. Ukiletewa ya mtumba, iangalie kwa hadubini: ncha ikiwa bapa ubavuni, imeshalika, usitoe pesa.

Mwenye swali:
Hadubini ninayo. Basi M44-7 ndiyo ya wikendi, wageni wakija.